Krismasi ya Askari Aliye Operesheni: Namna ya Kufunga Kifurushi na Kutuma Salamu Kutoka Tabora

Mvua za kwanza zikishanyesha hapa Tabora na maembe yakianza kuiva, maswali huanza kumiminika. Wengi wanaouliza ni wake wapya, na akina mama ambao kijana wao ndiyo kwanza ameondoka na kikosi. Nimtumie nini? Nipitishe wapi? Nikipiga simu siku ya sikukuu asipopokea, nifanyeje? Majibu yangu nimeyarudia sana kwa mdomo. Sasa nayaweka kwenye maandishi ili hata aliyeko Sikonge, Urambo au Uvinza ayapate.

Mwongozo huu ni wa familia iliyo na askari mahali penye vita: aliye kwenye ulinzi wa amani Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati au kwingineko, au aliye kwenye lindo la mpakani. Mambo ya jeshi yana wenyewe. Ninachokuonyesha ni kufunga boksi litakalofika likiwa zima, na kutuma salamu ambazo hazitamweka mtu hatarini.

Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo. Boksi hili si la mwanao peke yake. Atakapolifungua atakuwa amezungukwa na wenzake, na baadhi yao hawakutumiwa chochote na mtu yeyote. Kila unachoweka, kiwekwe kwa namna ya kugawanywa.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Jina lake kamili, cheo na namba yake ya jeshi. Viandike kwenye karatasi, usitegemee kichwa.
- Boksi gumu la katoni. La biskuti au la mafuta ya kupikia linafaa. La sabuni liache, harufu yake huingia kwenye chakula na haitoki.
- Makopo ya plastiki yenye mfuniko wa kusokota, na vifuko vya nailoni vya kufungia chakula.
- Selotepu pana, maka peni isiyofutika kwa maji, na magazeti ya zamani ya kujazia nafasi.
- Mizani. Ukiwa huna, nenda kwa muuza mchele akupimie.
- Muda. Anza mwisho wa Oktoba. Ukianza Desemba 15 unaandaa kifurushi cha mwaka mpya.

Hatua ya 1: Uliza kikosini kabla ya kununua chochote

Nenda ofisi ya kikosi chake, au piga simu uliyoachiwa kwa ajili ya familia, uulize mambo manne: kifurushi kinapitia njia gani, mwisho wa kupokea ni tarehe ngapi, uzito usizidi kilo ngapi, na vitu gani havikubaliwi. Usichukue majibu ya jirani wa mwaka jana. Njia hubadilika kulingana na mahali kikosi kilipo na usafiri uliopo, na mwaka mmoja wanaweza kupokea kilo tano, mwaka unaofuata mbili.

Mara nyingine kuna askari aliyekuja likizo ambaye anarudi kulekule. Hiyo ni njia nzuri, lakini mwombe kwa adabu, na umfungulie boksi aone kila kilichomo kabla hujalifunga. Atakayesimama nalo kwenye ukaguzi ni yeye.

Usimwamini mtu anayekupigia simu akisema yeye ni afande fulani na kifurushi cha mumeo kimezuiwa, tuma pesa ya kukikomboa. Kata simu, piga kikosini kwa namba uliyopewa wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Chagua kinachostahimili safari

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa sababu ya mapenzi. Mama anataka kijana ale alichokipenda nyumbani, kwa hiyo anaweka maembe. Embe la Tabora la Desemba ni tamu kweli, lakini baada ya siku chache ndani ya boksi lililofungwa linachafua kila kilichomo. Isitoshe, matunda mabichi, mbegu na mimea mibichi huzuiwa kwenye mipaka mingi. Keki laini ya mayai nayo huota ukungu. Mawese ya Kigoma yakivuja, hata barua hutaisoma. Na nyama ya kukaanga, hata ikaushwe vipi, mimi siiweki.

Vinavyofaa ni hivi:

*Asali.* Tuma asali ya nyuki wakubwa, iliyoiva na kuchujwa. Usitume asali ya nyuki wadogo, hata kama ndiyo anayoililia. Ile ina maji mengi, huchacha upesi, na kopo huvimba mpaka mfuniko ufunguke. Kumbuka pia asali ni nzito: lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo nusu lita peke yake inakula gramu 700 za mgawo wako.

*Matobolwa.* Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Hivi huliwa bila kupikwa tena, na mtu anaweza kuvitia mfukoni akaenda navyo lindo. Michembe iache nyumbani: yenyewe hukaushwa mibichi na lazima ipikwe, na kambini si kila mtu ana jiko lake.

*Karanga za kukaanga.* Chambua moja moja kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa.

*Dagaa wa Kigoma.* Nunua waliokaushwa kwenye vichanja, si wale wa mchangani. Sugua kiganja kidogo cha dagaa kati ya mikono: ukiona mchanga, muachie muuzaji.

*Kahawa ya Kigoma iliyosagwa.* Ni nyepesi, ina harufu ya kwetu, na anayekesha lindo ataikumbuka kuliko zawadi ya bei kubwa.

*Pilipili ya unga.* Kijiko kimoja hubadilisha chakula cha bwalo zima.

Pombe usiweke. Viberiti, gesi za kujazia, manukato ya kupuliza na betri za akiba za simu havitakiwi kwenye mizigo ya ndege, na vikionekana boksi lote linaweza kuachwa. Dawa asizoandikiwa na daktari usimtumie. Nguo yoyote yenye rangi au mchoro wa sare ya jeshi usinunue kabisa, si yake wala ya mtoto. Raia hatakiwi kuwa nayo, na huko aliko inaweza kuleta matatizo makubwa.

Wafikirie na wenzake. Ndani ya seksheni moja, yaani kikundi kidogo cha askari, kuna Mkristo wa Kigoma, Muislamu wa Ujiji, na mwingine asiyetumia tumbaku wala kahawa. Krismasi ya mwaka 1914, Waingereza waliwatumia askari wao visanduku vidogo vya shaba kwa jina la binti mfalme Mary. Mvutaji alikuta tumbaku, asiyevuta alikuta peremende na vifaa vya kuandikia, na Masingasinga waliwekewa sukari na viungo. Walifikiria nani atafungua. Nawe fikiria hivyo hivyo: hakikisha hakuna kitu cha nguruwe wala pombe, ili boksi likifunguliwa mezani kila mkono uweze kuingia.

Hatua ya 3: Andaa chakula chenyewe

Fanya kazi hii siku kavu. Novemba hewa ya Tabora ina unyevu, na adui wa kifurushi ni unyevu kuliko joto.

Dagaa: toa vichwa na matumbo, osha haraka kwa maji ya moto, waanike mpaka wakauke kabisa. Kisha wakaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka mmoja akivunjwa atoe mlio. Nyunyiza chumvi na pilipili wakiwa bado jikoni. Watandaze kwenye sinia wapoe kabisa. Usifungie kitu chochote kikiwa na joto, mvuke utageuka maji ndani ya mfuko na baada ya wiki utakuwa umetuma ukungu. Ukiwakaanga kwa mafuta watakuwa watamu zaidi wiki ya kwanza, halafu mafuta yataanza kunuka. Safari hii ni ndefu kuliko wiki.

Matobolwa: yakague kama yana fukusi. Yarudishe juani mchana mmoja, yapoe kivulini, ndipo uyafunge.

Kashata: vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, kikombe kimoja cha sukari. Yeyusha sukari peke yake kwenye sufuria mpaka iwe ya kahawia, mimina karanga, koroga, tandaza kwenye ubao uliopakwa mafuta kidogo, kata ikiwa bado moto. Ikipoa haikatiki. Kila kipande kizungushie karatasi yake, la sivyo vitashikana viwe bonge moja.

Asali: usijaze kopo mpaka ukingoni, acha nafasi ya vidole viwili. Safisha mdomo wa kopo, funga kipande cha nailoni juu yake, kisha sokota mfuniko. Zungusha selotepu mara mbili, halafu tia kopo lote ndani ya mfuko mwingine.

Hatua ya 4: Gawa kabla ya kufunga

Seksheni huwa na watu wapatao kumi. Fanya hesabu ya kumi. Badala ya mfuko mmoja mkubwa wa karanga, funga vifuko kumi vidogo, kila kimoja na karanga, kashata na matobolwa. Hivi anavitoa mmoja mmoja, na aliye lindoni anawekewa chake. Asali na pilipili ziwe za pamoja, zikae mezani bwaloni.

Kama huwezi peke yako, changeni. Familia tatu za mtaa mmoja zinaweza kujaza boksi zuri kuliko kila moja kuhangaika na lake. Hii si aibu. Baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda Novemba 2, 1978, watu walichanga ng'ombe, nafaka na fedha kwa ajili ya vijana waliokwenda Kagera. Krismasi ile iliwakuta hukohuko, Mutukula, mpakani upande wa Uganda, ikiwa bado haijatwaliwa, na chakula cha wananchi kikawa sehemu ya nguvu yao.

Hatua ya 5: Andika barua

Usiniambie kwamba simu inatosha. Simu inaisha chaji, barua inasomwa tena usiku wa tatu na wa kumi. Iandike kwa mkono wako. Mtoto asiyejua kuandika achore, au umwekee kiganja chake kwenye karatasi ukizungushie kalamu.

Andika mambo madogo ya nyumbani: mbuzi amezaa mapacha, bati la jikoni limeshapigiliwa, wifi yake amepata kazi, kwaya inafanya mazoezi na sauti ya nne bado inawashinda. Taja majina ya watu anaowajua. Mambo mazito ambayo hawezi kuyatatua akiwa huko, kama deni au ugomvi wa shamba, yasiwe ndani ya barua ya Krismasi. Sikwambii umfiche msiba. Msiba una njia yake, upeleke taarifa kikosini ili aambiwe na mtu aliye karibu naye, si karatasi.

Usiandike mahali alipo, idadi yao, tarehe wanayobadilishana wala jina la mkuu wake. Usiulize pia. Ukiuliza "mnarudi lini" unamweka kati ya kukujibu na kutii amri.

Waandikie na wenzake ukurasa mmoja, uanze tu "Wanangu" au "Shemeji zangu". Askari asiyetumiwa barua na mtu atausoma huo.

Hatua ya 6: Funga boksi

Tandika magazeti chini. Vizito katikati: asali, kisha kahawa na dagaa. Vifuko vya kugawa vikae pembeni na juu. Barua iwe ndani ya nailoni, juu kabisa, awe wa kwanza kuiona. Jaza kila pengo kwa magazeti yaliyokunjwakunjwa, usitumie nyasi wala maganda ya mpunga, yanabeba wadudu.

Weka karatasi mbili: moja yenye jina lake, cheo na namba ndani ya boksi, nyingine yenye orodha ya vilivyomo utakayobandika nje au kumkabidhi anayepokea. Tikisa boksi. Likitoa mlio, fungua ujaze tena. Kisha pitisha selotepu kwenye kila mshono, chini na juu, na uandike jina pande mbili.

Likabidhi kwa mkono, mwisho wa Novemba ikiwezekana. Andika jina la aliyepokea na tarehe.

Hatua ya 7: Salamu za sauti

Ujumbe wa sauti ni bora kuliko video. Ni mwepesi, unapita hata kwenye mtandao dhaifu, na haumalizi bando lake. Rekodi chumbani, madirisha yamefungwa, redio imezimwa, simu ukiishika karibu na mdomo. Dakika mbili zinatosha. Kama kwaya ya kigango chenu imekubali kuimba wimbo wa Noeli, wasimame nusu duara na simu iwekwe katikati juu ya kiti, isishikwe mkononi.

Tuma Desemba 22 au 23. Mkesha wenyewe kila mtu anatuma na mtandao unazidiwa.

Zingatia saa. Kongo ya mashariki na Lebanoni wako nyuma yetu kwa saa moja wakati huo wa mwaka, Jamhuri ya Afrika ya Kati saa mbili. Saa 2 usiku Tabora ni saa 1 usiku Beni, na Bangui ni saa 12 jioni.

Akikutumia picha ya sherehe, ni yako. Usiiweke kwenye stetasi wala kwenye kundi la ukoo. Picha ya meza ya chakula inaonyesha pia ukuta, magari, mnara na nyuso. Jirani akiulizia, mwambie hajambo, anawasalimu.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Usitarajie Krismasi yao iwe saa ileile na yako. Padri au mchungaji anaweza kufika tarehe 23, au 27. Misa inaweza kusaliwa asubuhi na chakula kikaliwa kwa zamu mpaka usiku, maana lindo halifungwi. Waliotumika watakusimulia jinsi Waislamu wanavyoshika zamu ili Wakristo wasali, na siku ya Idi zamu inageuka.

Wala adui hana sikukuu, na watu wa ziwa letu walishaona. Desemba 26, 1915 ilikuwa Jumapili. Waingereza waliokuwa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, karibu na Mto Lukuga, walikuwa kwenye ibada ya asubuhi ilipotokea Kingani, meli ya Wajerumani waliokuwa na kituo chao Kigoma. Wakaingia kwenye boti zao mbili, Mimi na Toutou, na siku hiyohiyo Kingani ikatekwa. Karibu zaidi na sisi, jioni ya Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki huko Beni ilishambuliwa na walinda amani 14 wa Tanzania wakaripotiwa kuuawa. Kuna nyumba zilizokuwa zimeshaanza kuandaa Krismasi. Ndiyo maana mkuu wa kambi habani nidhamu kwa ukali wa moyo sikukuu zinapokaribia, na ndiyo maana simu zinaweza kuzimwa siku ambayo wewe unazihitaji zaidi.

Kwa hiyo asipopokea, usipige mara ishirini. Acha ujumbe mmoja mfupi: "Sote wazima, tumesali, tumekukumbuka. Upate nafasi ndipo utupigie."

Likitokea tatizo

*Asali imeganda.* Haijaharibika. Mwambie aweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Lakini ikiwa imetoa povu na inanuka kama pombe, imechacha, aitupe.

*Dagaa au karanga zimelainika.* Kama hakuna ukungu wala harufu mbaya, zirudishwe kwenye kikaango kikavu dakika chache. Kukiwa na ukungu, hata kidogo, zitupwe zote.

*Kitu kimekataliwa kwenye ukaguzi.* Usibishane na aliyepo mezani. Omba ukitoe wewe mwenyewe, ufunge upya palepale. Ndiyo sababu ya kwenda na selotepu ya ziada mkobani.

*Umechelewa tarehe ya mwisho.* Usilazimishe kupitia mtu usiyemjua. Tuma sauti na barua iliyopigwa picha, boksi lisubiri safari inayofuata. Toa vinavyoharibika, karanga za Novemba zisiende Februari.

*Boksi limefika, yeye amehamishwa kituo.* Ulizia kikosini, mara nyingi litamfuata. Kama haliwezi, mwambie awaruhusu waliobaki walifungue na kugawana.

*Huna uwezo mwaka huu.* Barua na kiganja cha mtoto kwenye karatasi havina uzito wa kutosha kukataliwa popote. Anza na hivyo.

*Krismasi imepita, hujasikia kitu.* Subiri siku mbili tatu, kisha nenda kikosini asubuhi, na karatasi yako yenye jina, cheo na namba. Usiende mtandaoni kuuliza. Ukifika omba kuonana na anayeshughulikia familia, keti, na usiondoke mpaka umejua ni lini watakupa jibu na ni nani atakayekupigia.